Mjomba, barua hii umeipata lini?

Nina duka la steshenari hapa Mtwara mjini, upande wa Magomeni. Kompyuta mbili, mashine moja ya kopi na benchi la mbao kwa wanaosubiri. Mwaka wa tisa huu nachapa barua za watu: za kuomba kazi, za mirathi, za migogoro ya mashamba ya mikorosho. Na kila baada ya wiki kadhaa anaingia mtu na bahasha ya kaki. Haitupi kaunteni kama wenzake wanavyotupa vitambulisho vya kutoa kopi. Anaiweka polepole, anaisukuma kwangu kwa vidole viwili, anasema, "Dada, nisaidie kuijibu hii." Ndani kuna barua ya mfuko wa fidia au wa hifadhi ya jamii, au ya ofisi fulani ya serikali, na katikati yake kuna habari moja tu: madai yako ya mafao ya ulemavu hayakukubaliwa.

Namwandikia mwenye bahasha hiyo. Kwa miaka mingi nilimsaidia vibaya.

Nililijua kosa langu siku mjomba alipokuja na bahasha yake. Kwetu Wamakonde ukoo unapita kwa mama, na kaka wa mama ndiye mwenye neno. Mjomba huyu ndiye aliyekaa kwenye mkeka siku naposwa, na ndiye aliyeuza gunia zake mbili za korosho nikalipiwa ada ya kidato cha tano. Nimezoea kumwona amesimama. Siku hiyo aliingia akaketi kwenye benchi la wateja, akasubiri zamu yake nyuma ya mwanafunzi aliyekuwa akitoa kopi, mkono wa kulia ameuficha ndani ya koti.

Alikuwa amefanya kazi misimu mitatu kwenye ghala la korosho, kushusha na kupanga magunia. Gunia la korosho ghafi ni kilo 80 hivi. Jioni moja ya Desemba wakishusha Fuso, lundo likaserereka, mkono ukabanwa kati ya gunia na ubao wa nyuma wa gari. Hospitalini waliondoa kidole gumba, cha shahada na cha kati. Msimamizi aliyempeleka alimwambia asiwe na maneno mengi, "tutakushika mkono." Wakamshika kwa mwezi mmoja na nusu, kisha simu zikawa hazipokelewi. Fomu ya mwajiri ilipokuja kujazwa, ilijazwa nusu: "kibarua wa siku," saa ya ajali hakuna, mashahidi hakuna. PF3, ile fomu ya polisi ya mtu aliyeumia, nayo ilisema ameumizwa na mzigo. Mzigo wa nani, wapi, haikusema.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi uliamua kwa karatasi ulizopelekewa, na karatasi zile kwa kweli hazikusema kitu. Barua ilikuwa na sababu mbili: haikuthibitika kwamba alikuwa mwajiriwa, na haikuthibitika kwamba aliumia akiwa kazini.

Nikamuuliza, "Mjomba, barua hii umeipata lini?"

Akahesabu kwa vidole vya mkono wa kushoto. Siku 41. Siku zote hizo barua ilikuwa kwenye nailoni chini ya godoro, pamoja na kadi ya hospitali. Na hakukaa bure. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, kwa diwani, akaenda mara mbili kule ghalani akakaa getini mpaka jua likazama, akaenda hata kwa shehe aliyesoma naye chuo utotoni. Kote alikwenda kuomba. Wote walimpa pole, na mmoja alimpa elfu kumi.

Nilichapa barua yake jioni ile ile, na niliona ni barua nzuri. Nilieleza kwamba ana watu saba wanaomtegemea, kwamba hawezi tena kushika jembe wala kupanda mkorosho, kwamba amelitumikia ghala kwa uaminifu. Nilimalizia kwa kuiomba ofisi imwangalie kwa jicho la huruma. Za namna hiyo nilikwisha kuchapa nyingi, kwa watu wengi, na walilipa.

Kabla haijatumwa nilimwonyesha mama mmoja, msaidizi wa kisheria, ambaye hutoa kopi zake dukani kwangu. Nilimwamkia, nikampa kiti. Alisoma barua ya mfuko kwanza, kisha yangu, kisha akairudia ya mfuko.

"Umeandika vizuri, mwanangu," alisema. "Lakini hujajibu. Wamesema mambo mawili. Wewe umewaeleza la tatu, ambalo hakuna aliyelikataa. Nani kasema mjomba wako hana shida?"

Kauli hiyo imebadilisha kazi yangu. Barua ya kukataliwa ni jibu la karatasi zilizokuwa mezani. Mtu aliyekata tamaa anaisoma kama hukumu juu ya nafsi yake, kwamba serikali imemtazama mkono ule na kusema si kitu, na ndipo anapoandika kilio. Anayepitia madai yako upya, hata kama moyo wake umeguswa, hana pa kuuweka moyo huo kwenye faili. Anahitaji kielelezo kinachogusa sababu iliyoandikwa. Kwa hiyo siku hizi mtu akileta bahasha, nachukua kalamu nyekundu napiga mstari chini ya kila sababu ya kukataliwa, na pembeni naandika: karatasi gani inajibu hii? Sehemu nyingine zote za barua zinasubiri.

Haki ya kupinga haitokani na hisani ya ofisi. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inasema kwamba haki za mtu zinapohitaji kuamuliwa na mahakama au chombo kingine chochote kinachohusika, mtu huyo ana haki ya kusikilizwa kikamilifu, na ana haki ya kukata rufaa au kupata nafuu nyingine ya kisheria. Chombo kingine chochote. Mfuko umo humo, kamati yoyote inayoamua madai imo humo. Nasisitiza ibara hii kwa sababu wengi wanaong'ang'ania ya 11, inayotaja msaada wa jamii wakati wa uzee, maradhi na hali ya ulemavu. Ni ibara nzuri, na inaniuma kusema hivi, lakini ibara ya 7 imeshaweka wazi kwamba masharti ya sehemu ile hayatekelezwi kwa nguvu ya mahakama. Ukiiegemea peke yake unaegemea ukuta wa makuti.

Halafu kuna kujua umegonga mlango gani. Tanzania Bara hakuna posho moja ya kila mwezi inayolipwa kwa kila mwenye ulemavu. Kuna milango kadhaa, na kila mmoja una masharti yake. Aliyeumia au kuugua kwa sababu ya kazi ni wa Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya 2008, ambayo mfuko wake ulianza kazi 2015; huko mwajiri ndiye anayechangia, mfanyakazi hakatwi hata senti. Mwanachama wa NSSF, au wa PSSSF ya watumishi wa umma, aliyepoteza uwezo wa kufanya kazi kwa maradhi au ajali isiyo ya kazini, huyo anadai kwenye mfuko wake wa hifadhi ya jamii, na hapo hoja huwa idadi ya michango na maoni ya madaktari. Kaya maskini zinaingia TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya hizo, kupitia kijiji au mtaa wao, na malalamiko yanaanzia hapo hapo. Ile asilimia 2 ya mapato ya ndani ya halmashauri kwa watu wenye ulemavu ni mkopo, unarudishwa. Nimeona watu wamekataliwa kwa kuwa tu walipeleka madai ya ajali ya kazini kwenye mlango wa NSSF au PSSSF. Hao hawana haja ya rufaa. Wanahitaji kuelekezwa mlango wa pili, na mapema, kwa sababu madai ya fidia ya kazini yana kikomo cha miezi 12.

Kwenye mlango wa mjomba, ngazi ziko hivi. Kwanza unamwomba Mkurugenzi Mkuu wa mfuko aupitie upya uamuzi wake. Usiporidhika unakwenda kwa Waziri mwenye dhamana ya kazi. Usiporidhika tena, Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, na kwa watu wa huku mashauri ya kazi yanasikilizwa na Mahakama Kuu Kanda ya Mtwara, hakuna haja ya kupanda basi kwenda Dar es Salaam. Usiruke ngazi. Mahakama itakuuliza kwanza kama ulimaliza njia zilizowekwa na sheria, na kama hukuzimaliza itakurudisha.

Na kila ngazi ina siku zake. Mama yule alisema jambo lililonitia baridi: siku hazihesabiwi tangu ulipoelewa barua, wala tangu ulipopata nauli ya kuja mjini. Mkichelewa mnaweza kuomba kuongezewa muda, lakini Mahakama ya Rufani imesema mara nyingi kwamba mwombaji lazima aeleze kila siku ya kuchelewa. Kila siku. Mjomba angesema nini juu ya siku 41? Kwamba barua ilikuwa chini ya godoro? Bahati ni kwamba tulikuwa bado ndani ya muda.

Kazi ikaanza. Sababu ya kwanza: hakuwa mwajiriwa, alikuwa kibarua wa siku. Mjomba mwenyewe aliikubali. "Ni kweli, sikuwa na mkataba." Hapa ndipo watu wa ghala, wa mashamba ya chumvi, wa mashine za kubangua korosho wanapopotelea, kwa sababu neno kibarua limeshawafundisha kwamba hawahesabiki. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, kifungu cha 61, inasema vingine. Anayemfanyia mwingine kazi anachukuliwa kuwa mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo, hata mkataba uwe wa namna gani, ikiwapo alama moja tu kati ya kadhaa zilizotajwa. Yupo chini ya maelekezo ya mwenye kazi? Saa zake anapangiwa? Anapewa vifaa? Kipato chake kinamtegemea huyo? Amemfanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu iliyopita? Moja inatosha. Nilipomsomea mjomba orodha ile aliitikia kila moja, "Ndiyo. Ndiyo. Ndiyo," na sauti ikizidi kupanda. Nikamwona anautoa mkono kwenye koti.

Lakini "ndiyo" ya mdomo haitoshi, tukatafuta karatasi. Kiongozi wa kundi la makuli alikuwa na daftari la mistari, lile la shule lenye jedwali la kuzidisha nyuma, ambamo aliandika majina na kuweka vema kwa kila siku mtu aliyofanya kazi. Kurasa zimelowa jasho na mafuta ya ganda la korosho, nyingine zimegandana. Nilizifungua moja moja kwa ncha ya rula. Oktoba, Novemba, Desemba: jina la mjomba lilikuwa na vema 22 kwa Novemba peke yake. Kwa siku ya saa nane hiyo ni saa 176, na sheria inataka 45. Nilitoa kopi kila ukurasa, hata ile yenye madoa, na kiongozi akasaini nyuma ya kila kopi. Malipo nayo yalikuwa yameingia kwa simu. Tukaomba kampuni ya simu taarifa ya miamala ya miezi ile, na namba moja ikaonekana kila Jumamosi.

Sababu ya pili: hakuumia kazini. Kadi ya hospitali ilikuwa na saa aliyopokelewa. Gari lile lilikuwa na hati ya kusafirishia mzigo yenye tarehe hiyo hiyo. Wenzake wawili walikubali kuapa, na mmoja wao alikumbuka kwamba alimwambia msimamizi pale pale kwa mdomo. Hilo lilikuwa na uzito mkubwa, maana taarifa ya ajali kwa mwajiri yaweza kuwa ya mdomo au ya maandishi, na akishaipata ana siku 7 za kuupa mfuko taarifa. Uzembe wake wa fomu usingeweza tena kuwa kosa la mjomba.

Siku ya viapo tulikwenda watatu. Kamishna wa viapo alimsomea mjomba maneno yake taratibu, akamuuliza kama ndiyo aliyosema, kisha akasogeza kidau cha wino. "Dole gumba la kulia, mzee." Kimya. Mjomba akauweka mkono mezani. Kidole cha pete na cha mwisho, na nyama iliyofungwa ikawa laini pale vilipokuwa vile vitatu. Kamishna aliutazama, akavuta karatasi, akaandika kwa mkono pembeni kwamba mwapaji ametia dole la kushoto kwa kuwa la kulia halipo. Alama ile ikakaa kidogo upande, imepinda kuelekea ndani, kwa sababu mtu wa mkono wa kulia hajui kuuzungusha wa kushoto kwenye karatasi. Nimeona vielelezo vingi. Sijaona kingine kinachosema zaidi ya alama ile.

Barua ya mapitio niliyoichapa safari hii ilikuwa ukurasa mmoja na robo. Sababu ya kwanza, jibu, vielelezo A mpaka D. Sababu ya pili, jibu, vielelezo E mpaka H. Huruma haikutajwa. Tulitoa kopi tatu, na moja ikagongwa mhuri wa kupokelewa wenye tarehe, tukarudi nayo. Ukipeleka barua serikalini bila kurudi na kopi yenye mhuri, hukupeleka.

Kuna mambo mengine ambayo watu huyachanganya na haya, nayataja upesi. Mwajiri akikufukuza kwa sababu umeumia, hilo ni shauri lako na mwajiri, na linakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30 tangu kuachishwa. Madai mengine ya kazi ni siku 60. Kesi hiyo haisimamishi siku za rufaa yako ya mafao, ziendeshe zote mbili. Ofisi ikikaa kimya, haisemi ndiyo wala hapana, peleka malalamiko Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye ofisi Lindi; haitozi, nayo huchunguza ofisi za umma zinazochelewesha haki za watu. Haitabatilisha uamuzi kama mahakama, lakini inauliza, na mara nyingine kuulizwa ndiko kunakofungua kabati. Na pale ambapo sheria haikuweka ngazi ya rufaa kabisa, au uamuzi umetolewa bila kukusikiliza, wakili anaweza kuomba Mahakama Kuu iuchunguze uamuzi wenyewe. Unaomba kibali kwanza, na ni ndani ya miezi 6. Hilo si la kujaribu peke yako, wala si la kuniletea mimi nichape. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria na mashirika yanayosaidia bure wasio na uwezo. Msaidizi hawezi kukusimamia mahakamani, lakini atakuandalia njia na kukuunganisha na wakili. Tangu 2021 sheria imefanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo usiogope kwamba utasimama usielewe.

Jibu la mapitio lilichukua miezi. Katikati mjomba alinipigia simu usiku akasema angependa kuacha, anaona aibu kuonekana anang'ang'ania. Nilimwambia anachodai kilichangiwa kwa ajili ya watu kama yeye, na hakuna aibu katika kuuliza chako. Sijui kama aliniamini. Hakuacha lakini.

Uamuzi wa kwanza ulibadilishwa. Ikakubalika kwamba alikuwa mwajiriwa na kwamba aliumia kazini, gharama za matibabu zikashughulikiwa, akapelekwa kwa daktari kupimwa kiwango cha ulemavu wa kudumu. Na hapo kuna mstari ambao kila mwenye madai ya namna hii aujue: kiwango kikiwa asilimia 30 au chini yake, analipwa mkupuo mmoja, kikizidi 30, analipwa pensheni ya kila mwezi. Kwa mtu asiyeweza tena kushika jembe, tofauti ya asilimia chache ni tofauti ya fedha inayoisha kabla ya msimu ujao na fedha inayoingia kila mwezi. Mama yule alitueleza kwamba kiwango nacho ni uamuzi, nacho kinapitiwa upya, na hoja yake ni ripoti ya daktari mwingine inayoeleza mkono ule unaweza nini na hauwezi nini.

Wiki iliyopita mjomba alikuja tena. Sikumtarajia, ilikuwa saa nne asubuhi na basi dogo la kutoka Tandahimba lilikuwa ndiyo kwanza limeshusha abiria. Viatu vyekundu kwa vumbi. Safari hii hakuketi kwenye benchi. Alikuja moja kwa moja kaunteni, akaweka bahasha ya kaki ambayo haijakunjwa, juu yake akaweka kalamu yangu nyekundu.

"Nimepewa jana saa kumi jioni," akasema kabla sijauliza. "Andika."

Nikaigeuza bahasha, nikaandika tarehe nyuma yake.